Vyombo vimefika Donholm, siku bado iko Kisauni

Swali la msomaji:

"Assalaam aleikum. Tulihamia Nairobi mwishoni mwa Aprili kutoka Kisauni, Mombasa, baada ya kazi ya mume wangu ya uwakala wa forodha kuhamishiwa bandari kavu ya Embakasi. Tunakaa Donholm, ghorofa ya nne, vyumba viwili vya kulala. Sasa ni katikati ya Juni na nusu ya makatoni hatujayafungua. Swaleh, wa miaka 9, kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma. Darasani wanamwita 'Mswahili' na kumwigiza anavyosema. Zuhura, wa miaka 4, alikuwa ameacha kukojoa kitandani mwaka mzima, sasa ameanza tena. Nasra, wa miaka 13, nashukuru hanisumbui, yeye ni kitandani na simu yake tu. Baridi imetushinda, usiku naingiza jiko la makaa chumbani kwa watoto wapate joto kidogo. Jirani wa mlango wa pili sijui hata jina lake. Baba yao hutoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku. Nikimweleza huniambia 'mtazoea'. Mombasa nilikuwa nakaanga mahamri na kuuza, hapa sina kazi. Hata mbaazi za hapa haziivi! Je, nirudi na watoto, yeye abaki na kazi yake? Mama Nasra."

Waalaikum salaam, Mama Nasra.

Barua yako ina mambo mengi, lakini moja halingoji zamu. Jiko la makaa litoke chumbani kwa watoto leo kabla ya magharibi, na lisirudi tena. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haimkohozi mtu wala haimwamshi. Huingia damuni ikashika nafasi ya oksijeni, naye aliyelala akazidi kulala. Msimu huu wa baridi ndio watu hukutwa asubuhi wamekufa hivyo, wakiwa wamefunga mlango na dirisha vizuri ili joto lisitoke. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga. Siku mkiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mkitoka nje mnapata nafuu, msidhani ni mafua ya Nairobi. Nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Sikulaumu, najua umetoka wapi. Kisauni jiko hukaa uani, na dirisha la chumbani ukilifunga mtalala mkitota jasho. Hujawahi kupata sababu ya kuliogopa jiko. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12. Dawa yake ni soksi, sweta ya kulalia, na chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo na kuwekwa kitandani nusu saa kabla mtoto hajapanda, kisha kuondolewa. Blanketi zito la mtumba utalipata soko la Gikomba. Madirisha yafunge saa 11 jioni jua likiwa bado ukutani, uyafungue saa 4 asubuhi hewa ibadilike. Wapwani wengi hufanya kinyume: hufunga usiku wa manane baridi ikiwa imeshaingia na kukaa kitako.

Haya, sasa tuzungumze.

Mimi nilihama kutoka Malindi mwaka 2003 nikiwa na watoto wawili, na katoni yangu moja iliyoandikwa "jikoni" ilikaa nyuma ya mlango mwaka mzima na ziada. Nikajiita mvivu. Baadaye, nilipoanza kazi hii ya ushauri nasaha na kuingia nyumba za watu, nikaziona katoni za namna hiyo nyuma ya milango mingi mno. Wenyewe walikuwa watu wachapa kazi kabisa. Na mara nyingi kilichokuwa ndani ni kitu ambacho hakikuwa na saa ya kutumika katika maisha mapya. Ndani ya yangu mlikuwa na mbuzi wa nazi na sinia kubwa la kulishia wageni. Nazi sikuwa nakuna na wageni sikuwa nao. Ningeifungua kwa lipi?

Kwa hiyo sikuambii ufungue makatoni. Nakuuliza kwanza: siku yako ya Kisauni ilikuwaje? Umeniandikia kipande tu, lakini nadhani naweza kuimalizia. Alfajiri unga umeumuka, mafuta yanachemka, watoto wa jirani wameleta sahani za kununulia mahamri. Swaleh anaondoka na wenzake watatu waliokua naye. Alasiri chuo, yaani madrasa. Baada ya chuo, Nasra yuko kwa binti wa mama fulani, nawe unajua yuko wapi bila kumpigia simu. Jioni barazani, mtu akipita anasimama, hata kama hana la kusema. Siku hiyo hukuipanga wewe. Ilipangwa na miaka, na kila saa ilikuwa na mwenyewe. Lori lilibeba vitanda na friji, siku halikuibeba. Donholm mna saa 24 zilezile, ila kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku hakuna mtu mzima hata mmoja anayekutarajia mahali popote. Hapo mtu yeyote angelia jikoni, hata aliyezaliwa Buruburu.

Basi kazi ni kuijenga siku, saa moja moja. Makatoni yatajifungua yenyewe.

Nianze na huyu ambaye umeshukuru kwamba hakusumbui, maana ndiye anayenitia wasiwasi. Swaleh anaumwa tumbo, Zuhura anakojoa: hao wamesema. Nasra hajasema. Mtoto wa miaka 13 amewekeza karibu utu wake wote kwa marafiki, na wewe na baba yake mlimng'oa hapo kati ya muhula mmoja na mwingine, bila shaka kwa sababu nzuri, lakini yeye hakuulizwa. Sasa analala chumba kimoja na mdogo wake anayelowesha godoro na mwingine anayelia asubuhi. Simu ndiyo Kisauni yake. Usimnyang'anye. Mwekee mipaka tu: usiku ilale sebuleni kuanzia saa 3, na mchana awe na saa yake ya kuongea na wenzake bila mtu kusikiliza. Halafu mtengee pembe. Kamba na leso mbili zinatosha kukata chumba. Pazia alichague mwenyewe, hata likiwa la rangi ya kukuumiza macho.

Na umtoe. Wewe na yeye, wawili tu, Jumamosi moja. Pandeni matatu hadi mjini mkatembee Biashara Street. Najua Mombasa kuna Biashara Street na leso zake, na hiyo ndiyo sababu: Nairobi nayo ina ya kwake, na leso zimo, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia. Atakuambia za Mombasa ni nzuri zaidi. Mkubalie, pengine ni kweli. Mkiwa kwenye Jogoo Road mwonyeshe majina ya mitaa yaliyo sawa na ya kwenu pwani: Makadara, Kaloleni. Ukishuka upande wa Pumwani kuna Majengo. Watu wa pwani na wale waliosema lugha yao walikuwa mji huu tangu reli ilipofika mwaka 1899, na alama zao bado ziko kwenye mabango ya steji. Kaloleni na Makadara pia kuna maktaba za umma zilizokarabatiwa miaka ya karibuni, watoto huingia kusoma na kukutana. Msichana wa miaka 13 anahitaji mahali pa kwenda ambapo si shule wala kitandani, na maktaba wazazi wengi hawaigombi.

Swaleh sasa. Tumbo lake linauma kweli, usimwambie anasingizia. Hofu hukaa tumboni kwa watoto, na ishara ni hiyo uliyoiandika bila kujua: kila asubuhi ya shule. Jumamosi haliumi, sivyo? Kama linauma hata wikendi, au kuna homa, kutapika au kupungua uzito, hiyo ni ya daktari. Kama ni la shule tu, mpe chai ya tangawizi, mhurumie, kisha aende. Kila siku anayobaki nyumbani inafanya kesho iwe ngumu zaidi.

Kuhusu kuchekwa, nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa wazazi wa pwani hukosea kwa njia mbili. Wengine humwambia mtoto, "Wapuuze, hawajui Kiswahili." Mtoto wa Gredi ya 4 hawezi kupuuza darasa zima. Wengine humhimiza aseme kama wao, na ndani ya mwaka mmoja bibi yake akipiga simu anajibiwa "niaje". Mwanao anahitaji lugha mbili, kama vile ana nguo za shule na kanzu ya Ijumaa. Sheng si adui wa Kiswahili. Ilikulia hapahapa Eastlands, kwenye mitaa ambayo watoto wa makabila yote walichezea kiwanja kimoja, na mifupa yake ni Kiswahili. Mnunulie mpira, ashuke nao uwanjani alasiri, atajifunza "beshte" na "dishi" na "keja" kabla wiki mbili hazijaisha. Mwenye mpira hachekwi muda mrefu.

Upande wa pili, nenda ukamwone mwalimu wake wa Kiswahili. Nenda mwenyewe, usitume barua. Usimpelekee mashtaka, mwombe kitu kimoja: ampe Swaleh asome hadithi kwa sauti mbele ya darasa, mara moja kwa wiki. Walimu wa Kiswahili Nairobi huwa na njaa ya mtoto anayesema "nilikwenda" pale wengine wote wanaposema "nilienda-nga". Nimeona mvulana kutoka Kwale akigeuka kutoka kichekesho hadi mtu wa kunakiliwa insha, na alikuwa na kigugumizi juu ya hayo. Ila wakimpiga, wakimnyang'anya chakula au wakimvizia njiani, huo si mzaha tena; nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo, na uliza Nasra aliona nini. Shule za sekondari ya chini ziko ndani ya viwanja vya shule za msingi, kwa hiyo kama dada mtu yuko hapohapo anajua mengi kuliko mwalimu wa zamu. Mwombe arudi naye jioni. Atalalamika, lakini huenda nao ukawa msaada kwake.

Zuhura usimtishe wala kumwaibisha, na usiruhusu ndugu zake wamtanie. Mtoto aliyehamishwa mara nyingi hurudi nyuma hatua moja: kukojoa, kutaka kubebwa, kusema kitoto. Baridi nayo inaongeza. Tandika plastiki chini ya shuka, mpeleke msalani kabla ya kulala na wewe unapokwenda kulala, asubuhi badilisha shuka bila hotuba. Kinachomrudisha mtoto wa umri huo ni mpangilio uleule kila usiku: kuoga, kula, hadithi, taa. Mpigieni bibi kwa video, lakini kwa saa maalumu, tuseme Jumatano na Jumapili baada ya chakula. Familia zinazopiga simu pwani mara sita kwa siku huwa hazijahama. Ikiwa anahisi maumivu akikojoa, au ana kiu isiyoisha, mpeleke kliniki.

Na kwa kuwa tumetaja kliniki: Nairobi malaria ni nadra, pwani si nadra. Mtoto yeyote akipata homa wiki chache baada ya kutoka Mombasa, sasa au mkirudi kutoka likizo, mwambie daktari mara moja kwamba mlikuwa pwani. Asipojua anaweza kuandika dawa ya mafua akakurudisha nyumbani.

Jirani.

Kwetu mgeni akihamia, wenyeji humwendea. Sahani hupita, watoto hutumwa, kufikia siku ya tatu unajua nani kaolewa na nani. Kwa hiyo wewe umekaa wiki saba ukisubiri mlango ugongwe, na kila siku usipogongwa unahesabu ni chuki. Huku kanuni ni kinyume: kugonga mlango wa mtu ni kumsumbua, na heshima ni kumwacha. Huyo wa mlango wa pili huenda anakusubiri wewe. Karibu kila mtu kwenye ngazi hizo ana kwao kwingine. Subiri Disemba uone jengo litakavyobaki tupu. Wote ni wageni wa zamani. Wewe ni mgeni mpya tu.

Usianze na jirani lakini. Anza na watu watatu ambao kazi yao ni kujua watu. Wa kwanza keateka wa jengo: ndiye anajua maji yanafunguliwa lini, mita ipi ni yako, fundi gani si mwizi, na nani ana mtoto wa Gredi ya 4. Wa pili mama mboga wa kona. Chagua mmoja, nunua kwake tu kwa mwezi mzima, hata kama nyanya za ng'ambo ni nafuu. Siku atakapokuwekea mchicha kando bila kukuuliza, ujue umeshaingia mtaani. Wa tatu ni mzazi mmoja, mmoja tu, kutoka darasa la Swaleh. Msikitini pia wako kina mama, na madrasa nyingi za hapa hukazia Jumamosi na Jumapili kwa sababu siku za wiki watoto hufika nyumbani jioni wamechoka. Ulizia. Saa ya chuo ikirudi hata kwa wikendi, watoto wako wote wawili wakubwa watapata wenzao wanaosema kama wao.

Kwenye chama cha kina mama cha kuchangishana pesa utakaribishwa mapema, maana mtu mpya ni mchango mpya. Mpaka upite miezi mitatu, kunywa chai yao, cheka nao, pesa ziache.

Sasa mikono yako. Umeitaja kazi ya mahamri kwenye nusu mstari, baada ya jiko na kabla ya mbaazi, lakini mimi nimeisoma mara mbili. Mwanamke aliyekuwa akiamka kwa ajili ya wateja thelathini, leo anaamka kwa ajili ya foleni ya maji. Hilo peke yake ni msiba, na halina tanga. Rudisha saa ile. Usikimbilie kuweka meza barabarani, kanjo, askari wa kaunti, watakuchukulia karai kabla hujajua jina la steji. Anza ndani ya jengo: Ijumaa hii kaanga kilo moja ya unga, sahani ya kwanza kwa keateka, ya pili kwa huyo jirani asiye na jina. Gonga, sema, "Mimi ni Mama Nasra wa hapa kando, tumetoka Mombasa, nimekaanga mahamri." Basi, rudi kwako. Wiki inayofuata sema kwamba unachukua oda za Jumamosi asubuhi. Nairobi imejaa watu waliowahi kula mahamri na mbaazi likizoni wakarudi wakizitamani, na mandazi ya hapa, Mungu anisamehe, ni unga uliokaangwa. Iliki weka ileile, usipunguze ukidhani hawataijua. Nazi utazipata soko la Marikiti na Eastleigh. Maji ya huku hayakupi unga uleule kwa siku ya kwanza, na kwa baridi hii hamira inataka muda zaidi. Ukande usiku, uufunike blanketi kama mtoto.

Nafika kwa baba yao. Sina haja ya kumchora mbaya. Anatoka gizani, anarudi gizani. Kwenye ramani Embakasi si mbali na Donholm, lakini ramani haina foleni ya malori wala mteja ambaye kontena lake limezuiliwa. Naye siku yake ya Mombasa imekufa, ila kazi inamficha asiione. Neno "mtazoea" analitumia kwa sababu hana lingine. Mwombe aliache. Mwambie hivi, akiwa ameshakula, wala usimwambie mlangoni: "Sitaki unitatulie, nataka nusu saa yako." Jumapili moja awakalishe watoto awaeleze kwa maneno yake kwa nini mlihama, mshahara umebadilikaje, nini kimekuwa kigumu kwake mwenyewe. Watoto hawajaelezwa chochote mara nyingi. Wamesikia tu "baba amehamishwa", wakabaki kudhani ni adhabu ya kitu. Na awe na jambo moja la kila wiki ambalo ni lake na watoto: kwenda kunyoa na Swaleh, Ijumaa moja kwa mwezi kuomba ruhusa mapema, chochote. Dogo lisilokosa.

Sasa swali lenyewe: urudi?

Juni usiamue. Mmekuja msimu wa baridi, katikati ya mwaka wa shule, wiki saba tu. Ungekuja Januari, jua limewaka na watoto wote darasani ni wapya, ungeniandikia barua nyingine. Jambo la pili ni Nasra. Kama sikosei yuko Gredi ya 8. Mwakani ana mtihani wa Gredi ya 9, ndio unaompeleka sekondari ya juu. Kumhamisha tena mwishoni mwa mwaka huu ni kuhamisha kumbukumbu zake zote za shule mara ya pili ndani ya miezi minane, na hizo huwa zinakwama kwenye mfumo kati ya shule inayotoa na inayopokea. Nenda sasa ukahakikishe hata uhamisho huu wa kwanza umekamilika, wa Swaleh pia. Usikubali jibu la "tutashughulikia". Omba uonyeshwe majina yao kwenye kompyuta.

La tatu ni lile ambalo nimeliona kwa wengi. Mke akirudi na watoto "kwa miezi mitatu mpaka tujipange", kodi inakuwa mbili, baba anakuwa mgeni wa likizo, na ile miezi mitatu haina anayeihesabu. Wapo wanaoishi hivyo kwa hiari na wakaelewana. Wamekaa wakaamua kwa kalamu na karatasi. Wewe ungekuwa unaondoka kwa machozi.

Nendeni Mombasa likizo ya Agosti. Ni fupi, kama wiki tatu. Kaeni siku kumi, si zote, mrudi mapema watoto wapate siku za kuzurura Donholm bila shule, maana mtaa mtoto huujua kwa kuzurura. Tiketi za treni ya SGR za msimu huo kateni mapema. Muulize Nasra akiwa huko, wala si kabla, ameona nini kimebadilika. Kisha Novemba, shule zikiwa zimeshafungwa muhula wa tatu, wewe na mumeo kaeni na hilo swali kwa kalamu na karatasi. Nikisikia wakati huo kwamba mmeamua kurudi, nitasema mmefanya vizuri.

Isipokuwa jambo moja. Ukiona hulali, huli, huna raha na chochote kwa zaidi ya wiki mbili, au linakujia wazo la kwamba watu wangekuwa afadhali bila wewe, usisubiri Agosti wala barua yangu. Nenda kituo cha afya umweleze mhudumu kwa maneno hayohayo. Huo ni ugonjwa na una tiba.

Mambo madogo nayapitia haraka. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mgao umekuwepo mitaani tangu 2017, kwa hiyo usimgombeze keateka. Nunueni pipa lenye mfuniko na mchemshe ya kunywa. Namba ya mita ya stima iandike ukutani, na uliza kama mpangaji aliyetoka aliacha deni, lisije likamega tokeni zenu. Risiti ya amana ya nyumba iwekeni na vyeti vya kuzaliwa, na mpige picha nyufa na madoa yote sasa hivi; Sheria ya Kudhibiti Kodi inazigusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi tu, na yenu sidhani ni ya bei hiyo, kwa hiyo mkigombana na mwenye nyumba karatasi yenu ndiyo wakili wenu. Mimi nyumba yangu ya kwanza hapa nilipokwa amana nzima kwa doa la chai nililolikuta.

Na mbaazi. Hukosei, haziivi kweli, wala si mkosi. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, huku juu huchemka kwenye 94 hivi. Yanatokota vilevile lakini moto wake ni mdogo, na mbaazi kavu hulijua hilo. Loweka tangu usiku, maji ya kulowekea uyamwage. Uliza mama mboga za Ukambani za msimu, usichukue zilizokaa ghalani. Tumia sufuria ya presha, au kama huna, ongeza saa nzima juu ya muda wako wa Kisauni na ufunike vizuri. Chumvi isiingie mpaka ziwe laini. Tui jepesi kwanza, zito mwisho kabisa, na usilifunike likishaingia. Mbuzi wa nazi yuko kwenye katoni gani?